Jukiboksi ya babu: anza na sanduku la spika

*Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nilisoma useremala VETA na sasa nina karakana ndogo nyumbani. Babu yangu ana santuri zaidi ya arobaini za miaka ya 70, lakini redio yake ya kupigia ilishakufa. Nataka kumtengenezea jukiboksi ya mbao ya umbo la zamani: juu mviringo, taa za rangi, vitufe vya kuchagulia wimbo. Nimekwama mambo matatu. Ule mviringo wa juu naukunjaje bila mashine kubwa? Inawezekana ipige santuri zenyewe? Na ndani nifunge vyombo gani visivyoharibika umeme ukikatika ghafla? Nina msumeno wa umeme, jigsoo, drili, randa ya mkono na klempu chache.*

Marahaba, binti yangu. Maswali yako matatu nitayajibu yote, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu kuna la nne hukuliuliza na ndilo litakaloamua kama babu atakaa karibu na hiyo mashine au ataisifia siku ya kwanza tu. La nne ni sauti. Jukiboksi, kabla haijawa samani, ni spika. Watu wengi wanaoniletea jukiboksi walizozianza wenyewe huwa wameanza na taa, wakaja kwenye urembo, wakamalizia kwa kutoboa matundu mawili mbele na kufunga spika kwenye kabati tupu. Ukiwasha, besi haipo, na kila kipande cha plastiki kinalia. Wewe jenga sanduku la spika kwanza, lizibe, lisikilize, liridhie. Umbo la kizamani litakuja kulizunguka baadaye.

Hilo umbo unalolitaka lina historia yake. Picha inayokuja kichwani mwa wengi ikitajwa jukiboksi ni ya Wurlitzer 1015, iliyotoka Marekani mwaka 1946 kwenye kiwanda cha North Tonawanda, jimbo la New York. Aliyeichora ni Paul Fuller, na ziliuzwa zaidi ya 56,000. Ndani ilibeba santuri 24 tu za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. Kabati lilikuwa la mbao lililofunikwa vinia, pembeni nguzo za plastiki zenye mwanga, na ndani ya nguzo hizo kulikuwa na silinda za rangi zilizozunguka polepole ili mwanga ubadilike. Kisha ile mirija ya vioo yenye mapovu yanayopanda, ambayo kila mtu huiulizia. Mirija hiyo usiiige. Ilijazwa kemikali ya methilini kloraidi, inayochemka kwenye nyuzi joto 40 hivi, ndiyo maana kijoto kidogo chini ya mrija kilitosha kuifanya itoe mapovu mfululizo. Mvuke wake ni sumu, na haina nafasi sebuleni kwa mzee. Wapo wanaoweka maji na pampu ya tangi la samaki. Inafanya kazi, lakini maji juu ya amplifaya mimi siyataki kwenye kazi yangu, nawe nakushauri hivyo hivyo. Mwanga peke yake unatosha kupendeza.

Sasa santuri. Kwa njia ile ya zamani, ya mashine kuichagua santuri yenyewe na kuipiga, jibu langu ni hapana. Jukiboksi ya Seeburg M100A ya mwaka 1948 ndiyo iliyoleta nyimbo 100 kwenye mashine moja: santuri 50 zimesimama kwa ukingo kama vitabu rafuni, na mkokoteni mdogo unasafiri kwenye reli, unaisimamia santuri iliyotakiwa, unaivuta na kuipiga ikiwa bado wima, upande wowote kati ya mbili. M100B ya mwaka 1950 ikaja na santuri ndogo za 45, aina ile ile anayomiliki babu yako. Kazi ya namna hiyo ni ya kiwanda cha vyuma. Unaloweza ni kumwekea babu pleya ya santuri ya kawaida pembeni, iungwe kwenye jukiboksi kwa waya, na swichi ya kuhama kati ya pleya na nyimbo zilizomo ndani. Usiiweke juu ya jukiboksi. Mtetemo wa besi utapanda kwenye sindano, sindano itaurudisha kwenye spika, na utapata ngurumo isiyoisha. Iwekwe kwenye kimeza chake, hata hatua moja pembeni. Hakikisha pia pleya ina kikuza sauti chake cha ndani, kwa kuwa sindano ya sumaku hutoa milivolti chache tu na amplifaya ya kawaida haitaisikia.

Twende kwenye mbao. Ukubwa ninaokupendekezea ni upana sentimita 60, kimo sentimita 100 na kina sentimita 36. Ni ndogo kuliko Wurlitzer, ambayo kimo chake kinafika kama mita moja na nusu, lakini inapita mlangoni bila ugomvi, watu wawili wanaibeba, na vipimo hivi vina siri nitakayokuonyesha kwenye mviringo.

Sanduku la spika lijenge kwa plaiwudi ya milimita 18. Najua Morogoro utapata mninga mzuri na mkono utawasha kuutumia kote. Usifanye hivyo kwenye sanduku. Ubao mzima unapumua na majira, ukikauka unaachia nyufa kwenye maungio, na sanduku la spika linalovuja hewa limepoteza besi yake. Mninga uweke kwenye fremu za mbele na kingo, unapoonekana na usipobeba kazi ya kuzuia hewa. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, nayo ina sauti nzuri kwa sababu ni nzito na haipigi kelele, ila ikinyonya unyevu inavimba, na parafujo kwenye ukingo wake hupasua. Plaiwudi itakutosha. Na iwe MDF, iwe mninga, vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo barakoa ivaliwe tangu kata ya kwanza.

Sanduku hilo likae chini kabisa, upana sentimita 58.2, kimo 36, na katikati liwe na ukuta unaoligawa vyumba viwili, kimoja kwa kila spika. Ukuta huo ni wa lazima. Spika mbili zikishiriki hewa moja, kila moja inaisukuma mwenzake, na zikitofautiana kidogo tu sauti inachafuka. Kwa vipimo hivi kila chumba kinakuwa na upana wa ndani 26.4, kina 32.4 na kimo 32.4, sawa na lita 27 na ushee. Kwa spika za gari za inchi 6.5 hiyo ni nafasi ya kutosha kabisa. Nakushauri uchukue hizo za gari zenye twita yake katikati, yaani kispika kidogo cha sauti kali, maana zinakuja na kapasita yake ya kuchuja sauti na hutahitaji krosova, ile bodi ya kugawa besi na sauti kali. Zinauzwa kwa jozi, na huwa za omu 4. Kama kuna sabufa ya zamani mtaani iliyoungua bodi, unaweza kuokoa spika zake, ila soma namba za nyuma ya sumaku kabla hujaifurahia.

Maungio yote yawe gundi nyeupe ya mbao pamoja na parafujo, na baada ya kukauka pitisha silikoni kwenye kila kona ya ndani kwa kidole. Tundu la waya nalo lizibe. Ndani ya kila chumba tandaza pamba ya mito iliyochambuliwa, ijae kama nusu, isikabe nyuma ya spika. Kabla hujaendelea hatua nyingine yoyote, funga spika, unganisha amplifaya, piga wimbo wenye besi unayoijua vizuri. Kisha bonyeza koni ya spika moja taratibu kwa vidole: ikirudi polepole, sanduku limeziba, ikirudi papo hapo, tafuta linapovujia. Hapo ndipo jukiboksi ilipozaliwa, hata kama bado inaonekana ni boksi tu.

Sasa mviringo, swali lako la kwanza. Huhitaji mvuke wala mashine. Unahitaji shiti moja ya plaiwudi ya milimita 3, ile ya futi 4 kwa 8. Ichane kwa upana wa shiti, yaani kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 122 na upana wa 36. Ukichana hivyo, nyuzi za juu za plaiwudi zinapita kukatisha mkunjo, na ubao unajipinda wenyewe mikononi mwako. Ukichana kwa urefu wa shiti, nyuzi zitapingana nawe na utavunja vipande kadhaa kabla ya kuelewa kosa liko wapi. Shiti moja inatoa vipande sita vya upana huo na baki kidogo.

Hesabu inakwenda hivi. Mviringo wa juu ni nusu duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo ukingo wake una urefu wa kama 94. Kila upande ulionyooka una 70. Jumla kutoka sakafu ya kushoto, kupita juu, hadi sakafu ya kulia ni 234. Kwa kila tabaka unatumia vipande viwili: kimoja kizima cha 122 kinafunika mviringo wote na kushuka sentimita 14 kila upande, na cha pili unakikata katikati kupata miguu miwili ya 56. Tabaka tatu, vipande sita, shiti moja. Hiyo ndiyo siri ya vile vipimo. Jambo la kuangalia ni viungo visilingane. Tabaka la pili lisogeze sentimita 5 kushoto, mguu mmoja uwe 51 na mwingine 61. La tatu lisogeze kulia. Zikikauka tabaka tatu kwa pamoja unapata ganda la milimita 9 ambalo halirudi nyuma hata ukilikalia.

Ganda hilo linahitaji mbavu za kulalia. Kata mbavu tatu za plaiwudi ya milimita 18: ya mbele ni ubao mzima, ambao ndio utabeba spika na dirisha, ya kati na ya nyuma ni fremu tupu, na ya kati inaanzia juu ya sanduku la spika. Zote zichorwe kwa nusu kipenyo cha 29.1 na upana wa 58.2, maana lazima utoe unene wa ganda. Pima plaiwudi yako kwanza kwa vernia, kwa kuwa ile inayouzwa kama ya milimita 3 mara nyingi ni nyembamba zaidi, na ukikosea hapo fremu yako ya mninga ya mbele haitakaa sawa na ukingo. Zikate mbavu zote tatu zikiwa zimefungwa pamoja, uzisawazishe kwa msasa kwa mara moja, ndipo uzitenganishe. Kati ya ubavu na ubavu pigilia fito za mbao kila baada ya sentimita 8 kwenye mviringo, uzipitishe randa zilale sawa na ukingo wa mbavu. Bila fito, ganda litaingia ndani kidogo katikati, na vanishi ikishakaa kila bonde litaonekana kwa mbali.

Ulisema klempu zako ni chache. Nenda kwa mafundi wa pancha, nunua tyubu ya gari iliyokufa, ichane mikanda ya upana wa vidole viwili. Paka gundi ubavuni na kwenye fito, lete kipande cha mviringo, kishike katikati juu kwa msumari mmoja mdogo usiopigiliwa hadi mwisho, halafu zungushia mpira ukianzia kileleni ukishuka pande zote mbili, ukiuvuta kwa nguvu zako zote. Mpira unakandamiza kila mahali kwa usawa, jambo ambalo klempu haziwezi. Pande zilizonyooka zilaze chini moja baada ya nyingine na uziwekee ubao na matofali juu yake. Fanya tabaka moja, acha lilale usiku kucha, kesho fanya jingine. Kama kipande kinagoma, futa upande wa nje kwa kitambaa kilicholoa maji ya moto, kifunge kwa mpira bila gundi hadi kikauke kwa umbo hilo, ndipo ukigandishe. Usigandishe kikiwa kimelowa.

Kwa ndani umebaki na nafasi kubwa juu ya sanduku la spika. Huko ndiko vyombo vitakakokaa, na kwa kuwa sanduku limejitegemea, unaweza kutoboa matundu ya hewa mlangoni nyuma upendavyo bila kugusa sauti. Mlango wa nyuma uwe wa bawaba. Fundi atakayeirekebisha miaka ijayo atakuombea dua.

Tuje kwenye vyombo na umeme. Wengi wanatumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na ni chombo kizuri, lakini kwa hali yako siichagui. Inahitaji kuzimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ikiwa inaandika kitu kwenye memori kadi, kuna siku haitawaka tena, na babu hatajua la kufanya. Simu ya zamani ya tachi nayo inawezekana, ila ikikaa kwenye chaji saa zote ndani ya kabati lenye joto, betri yake huja ikavimba. Ninachokipendekeza ni bodi ndogo ya kupigia muziki iitwayo DFPlayer Mini, pamoja na Arduino Nano, bodi nyingine ndogo inayoandikiwa programu, ya kuiamrisha. DFPlayer inasoma tu kutoka kwenye memori kadi, haiandiki chochote. Umeme ukikatika inanyamaza, ukirudi iko tayari pale pale. Inakubali kadi hadi ya GB 32, ambayo kwa nyimbo ni nafasi isiyojaa leo wala kesho.

Na hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Jukiboksi za zamani zilichagua wimbo kwa herufi na namba. M100 ilikuwa na herufi kumi na namba kumi, ndizo zikafanya mia. Kuna kipadi cha vitufe 16 kinachouzwa kwa mafundi wa vifaa vya kielektroniki, chenye namba 0 hadi 9, herufi A, B, C, D, na alama mbili za pembeni. Kwenye kadi unatengeneza mafolda manne: 01, 02, 03 na 04. Ndani ya kila folda nyimbo zinapewa majina ya tarakimu tatu, 001 hadi 099. Mtu akibonyeza B kisha 2 kisha 7, Arduino inaiambia DFPlayer icheze folda 02, wimbo 027. Herufi nne kwa namba 99 ni nyimbo 396. Alama moja ya pembeni iwe ya kufuta ulichokosea kabla hujamaliza. Kile kipadi chembamba hakipendezi kwenye mninga, kwa hiyo nyuma yake tumia waya zile zile kuunganisha vitufe vikubwa vya duara, vile vya mashine za michezo, vyenye mlio wa kubonyea. Kidole cha mzee kinataka kitu cha kubonyea.

Programu yenyewe si ndefu, na maktaba ya DFPlayer, yaani kodi zilizoandikwa tayari za kuanzia, ipo bure. Sharti moja nalisisitiza: iwe na foleni. Mtu akichagua wimbo wakati mwingine unapigwa, wa kwanza usikatwe, wa pili usubiri zamu. DFPlayer ina pini iitwayo BUSY, ambayo volti yake huwa chini wimbo ukipigwa na kupanda wimbo ukiisha. Arduino iichunguze hiyo, ikipanda ichukue unaofuata kwenye foleni. Seeburg za zamani zilikuwa na kumbukumbu ya namna yake, lakini mkokoteni ulipiga santuri kwa mpangilio wa rafu, kwa hiyo aliyetia sarafu mwisho aliweza kusikia wake mwanzo. Wewe fuata mpangilio wa kubonyeza, ni wa haki zaidi. Na kitufe cha kuruka wimbo usikiweke. Kilichofanya jukiboksi ikusanye watu ni kwamba wimbo wa mwenzako unausikiliza hadi mwisho, ukingojea wako.

Kwenye waya unaotoka Arduino kwenda pini ya RX, ya kupokelea amri, ya DFPlayer weka rezista ya kiloomu 1. Bila hiyo utasikia mkwaruzo mdogo usiokoma nyimbo zikinyamaza. Kwa amplifaya chukua bodi yenye chipu ya TPA3116. Inakula volti yoyote kati ya 4.5 na 26, kwa hiyo chaji ya kompyuta mpakato ya volti 19 na wati 90 inaiendesha bila shida na kuipa spika ya omu 4 hadi wati 40 hivi, zaidi ya sebule yoyote inavyohitaji. Na umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 inaendesha bodi hiyo hiyo kwa sauti ya chini kidogo, wati 18 kwa kila upande. Arduino na DFPlayer zipe chaji yake ya simu, zisishiriki umeme na amplifaya, la sivyo kelele za bodi moja zitaingia kwenye nyingine. Siku ya kutumia betri moja kwa vyote, weka kile kitrafo cha kutenga sauti ambacho mafundi wa redio za magari wanacho. Chaji zote ziwe zimefungwa za dukani, usifungue umeme wa volti 230 ndani ya kabati la mbao. Waya mmoja tu wa ukutani uingie, wenye fyuzi na swichi moja.

Taa sitakaa nazo sana. Mbele, kuzunguka mviringo, acha nafasi ya upana wa sentimita 6 kati ya ukingo wa mninga na fremu ya ndani, uifunike kwa akriliki ya rangi ya maziwa, ile ya mafundi wa mabango ya maduka. Ikate kwa jigsoo yenye blade ya meno madogo, ukiwa umeibandika utepe wa karatasi wenye gundi juu, mwendo wa polepole isiyeyuke. Mkanda wa LED ukae nyuma kwa umbali wa sentimita 4 au zaidi. Karibu ya hapo utaona madoa ya taa moja moja na siyo mwanga mmoja. Ukichukua mikanda inayobadilisha rangi, ya taa 60 kwa mita, jua kuwa ikiwaka nyeupe yote inakula hadi ampia 3.6 kwa mita, kwa hiyo iendeshe kwa theluthi ya nguvu. Rangi ziwe za moto: kaharabu, nyekundu, kijani kilichotulia, zikibadilika polepole kama silinda za Fuller. Zile za kumetameta kwa kufuata ngoma ziache kwa wauza CD.

Kitambaa cha mbele ya spika watu wanapenda kitenge, na kwa macho kinapendeza sana. Kijaribu kwanza: kiweke mdomoni upulize. Usipohisi pumzi upande wa pili, twita nayo haitapita, na sauti ya magitaa itazibwa. Vitenge vingi vimefumwa kwa kubana mno. Kitambaa cha katani kilicholegea, kikanyoshwa kwenye fremu, kinapitisha kila kitu na kinafanana na vile vya zamani.

Kabla ya vanishi, fanya jaribio la mtetemo. Tafuta kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja, anza na 30 Hz, panda taratibu hadi 200, sauti ikiwa ya juu kiasi. Pitisha kiganja kila mahali: akriliki, mlango wa nyuma, fremu ya vitufe, waya zinazoning'inia. Kitakacholia, kiwekee kipande cha kandambili iliyochakaa. Mpira wake ni laini na haulegei, na vipande vinne vya soli hiyo hiyo ndivyo vitakuwa miguu ya jukiboksi. Baada ya hapo fungua kila kitu tena, piga msasa namba 120, 180, kisha 240, sandingi sila, msasa mwepesi, na vanishi tabaka tatu nyembamba. Tabaka nene moja kwenye mviringo itachuruzika.

Limebaki la kuhamisha nyimbo za babu kutoka kwenye santuri, na hili ndilo nisingependa ulifanye kwa haraka. Santuri nyingi za bendi zetu za miaka hiyo zilichapwa Nairobi, na upande mmoja wa 45 haukutosha wimbo mrefu wa dansi, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Kwenye jukiboksi ya baa, aliyetaka wimbo mzima alilazimika kulipia pande zote mbili. Wewe una nafasi ya kuuponya huo mkato. Osha santuri kwa maji safi na tone la sabuni ya maji, ukizunguka na mifereji, lebo isilowe, ziache zikauke zikiwa wima. Rekodi pande zote mbili kwa programu ya Audacity, isiyolipiwa, kisha tafuta mahali sehemu ya kwanza inapofifia na ya pili inapopokea. Mara nyingi ya pili inaanza nyuma kidogo ya pale ya kwanza ilipoishia, au mpigo mmoja mbele. Sikiliza ngoma, usisikilize mwimbaji. Unganisha kwenye pigo la kwanza la mzunguko, na sikio la babu halitagundua mshono. Mikwaruzo ondoa ile mikubwa tu. Programu ikisafisha sana inakula na tumba pamoja na matoazi.

Tundu la katikati la baadhi ya hizo santuri litakuwa kubwa, milimita 38, kwa ajili ya jukiboksi zenyewe. Seremala kama wewe utachonga adapta yake kutoka kwenye baki la plaiwudi kwa dakika chache, ila tundu dogo la ndani liwe katikati kabisa, vinginevyo wimbo utayumba.

Orodha ya nyimbo dirishani itengeneze kwa utaratibu wa zamani: kijikaratasi kimoja kwa kila santuri, jina la wimbo wa upande A juu, msanii katikati, wimbo wa upande B chini, na pembeni herufi na namba zake. Majina muulize babu, kwa kuwa lebo nyingi zimefutika na yeye anayajua.

Ukishanunua spika, usikate ubao wa mbele kwa kufuata inchi 6.5 zilizoandikwa kwenye boksi, maana hicho ni kipimo cha jumla na kila kiwanda kina chake. Pima kipenyo cha kikapu kwa nyuma na nafasi ya matundu ya parafujo, uniandikie pamoja na kina cha sumaku, nami nitakuchorea ubao huo kabla hujaugusa na jigsoo.